Ruta Mpya ya Nasri na Habari za Saa Kumi

Ninyi wanangu mafundi mnaopanda ngazi huku mkijipiga picha, nembo ya kampuni imejaa mgongo mzima, shukeni kidogo mnisikilize. Nimestaafu. Sina bosi wa kunitisha wala wa kunipandisha cheo, kwa hiyo leo nitasema nitakavyo. Jina langu ni Tabitha, lakini Bagamoyo hakuna anayelitumia. Kazini waliniita Mama Waya, mtaani wakaliokota, na sasa hata kanisani mwenyekiti wa kwaya akitaka kunitambulisha anasema, "Huyu ni mama yetu, Mama Waya." Nimelizoea. Nikifa watalichonga kwenye msalaba.

Nilianza kazi hii wakati simu ikining'inia ukutani na mtu akipigiwa, majirani wanakusanyika kusikiliza. Nikaimaliza wakati waya wenyewe umekuwa uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, na ndani yake mnapita harusi, mechi, hotuba na matusi ya watu, vyote kwa pamoja bila kugongana. Mnaponiuliza kipi kilikuwa kigumu zaidi, shaba au faiba, nawajibu kwamba kigumu zaidi ni wenye nyumba. Mnacheka. Chekeni, mtakuja kuniambia.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kibwana, Mkwere wa watu, mpole, mwembamba, aliyetembea na bisibisi sikioni kama seremala na penseli yake. Laini ya shaba aliipima kwa ulimi. Ndiyo, ulimi. Anagusa ncha za waya, anakunja uso, anasema, "Hii hai, lakini ina homa." Msijaribu. Lakini liko lake moja nililolibeba mpaka mwisho: fundi akiingia kwa mtu asiulize kwanza kilichoharibika. Aulize kinachofanya kazi. Siku moja tulitumwa Ubena, mteja analalamika televisheni imekufa kabisa. Mimi nilikuwa na haraka zenu hizi, nikawa nimeshaisimamisha ngazi kwenye nguzo. Mzee Kibwana akakaa kwenye kigoda, akamuuliza mama mwenye nyumba, "Haya mama, nini kinafanya kazi humu ndani?" Mama akafikiri. "Taa inawaka. Feni inazunguka. Tochi ya mume wangu nayo siku hizi inawaka vizuri sana." Mzee Kibwana akaomba kuiona tochi. Akaifungua, akatoa betri za rimoti, akazirudisha kwenye rimoti, televisheni ikawaka. Mimi bado niko nje nimeishika ngazi.

Sasa niwape kisa nilichokusudia. Kinahusu jambo mnalokutana nalo kila wiki na kila wiki mnalikoroga: mteja anaitoa ruta ya kampuni, anaweka ya kwake, halafu televisheni inakataa.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Nikatumwa Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, nyumba ya Mzee Shomari, aliyekuwa na duka la vitambaa enzi zake. Mnazijua nyumba zile: ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa mtu aliyelala kiubavu, chini baridi, juu joto. Nikabisha hodi, mzee mwenyewe akafungua, kofia ya kiua kichwani, fimbo mkononi. Akanitazama, akatazama nyuma yangu kama anatafuta mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Ah." Akafikiri kidogo. "Niliomba fundi, wameniletea mama yake fundi. Haya, karibu ndani, mama. Nataka televisheni yangu. Sitaki mambo makubwa. Mimi natazama habari tu."

Nikamwambia habari ataipata, inshallah. Nimekaa na Waislamu miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu bara, inshallah yangu haina kigugumizi.

"Habari ya saa kumi," akaongeza.

Nikasita. "Saa kumi alasiri, mzee? Ipo habari saa hiyo?"

"Ipo," akasema, akageuka akaenda kukaa.

Mwanawe, Nasri, akashuka ngazi akikimbia. Kijana wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, kazi yake kuhariri video za harusi na kuwatumia wenyewe kwa mtandao. Alinisalimu vizuri, halafu akaanza kunieleza tatizo kwa Kiingereza kilichochanganyika na mikono. Nikamsimamisha. "Nasri, mwanangu, niambie nini kinafanya kazi."

Akashangaa. "Intaneti inafanya kazi, mama. Tena juu kule sasa hivi inapaa."

"Televisheni?"

"Ndiyo hiyo imekufa."

Nikaenda kutazama. Uzi wa faiba uliingia ukutani kwenye kisanduku cheupe cha kampuni. Kutoka hapo, waya mfupi ulikwenda kwenye dude jeusi lenye antena pande zote, limejilaza juu ya kabati kama kaa aliyepinduliwa. Hiyo ndiyo ruta mpya, aliyoiagiza Nasri mwenyewe. Ya kampuni ilikuwa haivuki zile kuta. Alikuwa akitaka kutuma video, lazima ashuke akae na kompyuta mapajani karibu na jiko, mama yake akikaanga samaki, na bibi harusi wa watu anatumwa kwa moshi. Sikumlaumu. Angekuwa mwanangu ningemnunulia mimi.

Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo ni lenu wote. Mnadhani kwa kuwa uzi ni mmoja, basi ndani mna njia moja. Ndani mna njia mbili. Moja ya intaneti, moja ya televisheni, na kila moja ina namba yake. Ruta ya kampuni inazijua zote mbili, na ina tundu moja maalumu, limebandikwa karatasi ya njano, la king'amuzi. Ruta ya Nasri ilifundishwa njia ya kwanza tu. Ya pili inafika mlangoni, inabisha, hakuna anayefungua.

Nikamweleza hivyo. Akapiga kofi paji la uso. "Kumbe!"

"Kumbe," nikasema.

Ruta yenyewe haikuwa mbaya. Kwenye mipangilio yake nikakuta ukurasa wa televisheni, nikaandika namba ya njia ya pili, nikachagua tundu la mwisho, nikachomeka king'amuzi. Taa ikawaka nyekundu, ikawaza, ikawa kijani. Picha ikaja. Bi Rukia, mke wa mzee, akatoka jikoni na mwiko mkononi akapiga kigelegele kama nimezaa. Mzee Shomari hakupiga kigelegele. Alinyoosha rimoti, akapita chaneli ya habari bila kuigusa, akaenda moja kwa moja kwenye chaneli ya michezo, akaona matangazo ya sabuni, akaridhika, akarudi kwenye habari.

Mimi nikaona.

Hapa ndipo wengi wenu mnafunga mfuko, mnasainisha, mnaondoka na bodaboda. Mimi nikaomba chai. Sio kwa njaa. Picha ya kwanza haina maana. Ikae, uitazame inakaaje. Bi Rukia akanipeleka jikoni, akanipa chai ya tangawizi na vitumbua, na kwa kuwa mzee alikuwa sebuleni, akashusha sauti.

"Habari gani ya saa kumi," akasema. "Anamtaka Hidaya."

Hidaya alikuwa mjukuu wao, mtoto wa marehemu binti yao, waliyemlea tangu hajaota meno. Babu yake alimtaka asomee uhasibu. Mtoto akili alikuwa nayo, lakini mikono na miguu yake ilikuwa na mipango mingine. Alidaka mipira tangu shule ya msingi, na alipomaliza kidato cha nne timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam ikamchukua. Asubuhi ya kuondoka, mzee akamwambia mbele ya watu, "Ukivuka kizingiti hiki kwa ajili ya mpira, usinipigie simu." Na mtoto, ambaye ukaidi aliurithi kwake, hakupiga. Kwa Nasri alipiga. Kwa bibi yake alipiga kupitia kwa Nasri. Kwa babu, kimya, na babu naye kimya, misimu miwili mizima.

"Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuanza golini," Bi Rukia akasema. "Yule golikipa wao mkubwa ameumia. Nasri alinieleza jana, tukadhani mzee kalala. Kumbe macho kodo. Asubuhi tu nasikia, televisheni haiwaki, iteni fundi, mimi nataka habari."

Nikataka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji, nikanywa chai.

Ndipo sauti ikatoka sebuleni. "Mama fundi! Huyu msomaji wa habari amesahau anachosema!"

Tukatoka. Picha ilikuwa imeganda. Mtangazaji kaachama kama anangojea kijiko cha dawa. Nikabadilisha chaneli, ikaja. Nikarudi, ikaja. Tukakaa, tukatazama. Baada ya muda, ikaganda tena.

Sikilizeni vizuri, maana hili ndilo linalowatoa jasho. Televisheni ya namna hii haitumwi tu kama maji ya bomba. Kila baada ya muda mtambo unauliza, "Bado mpo? Bado mnatazama?" Ruta inatakiwa kuipitisha hiyo sauti mpaka kwenye king'amuzi, king'amuzi kijibu, "Tupo." Ruta ya Nasri ilipitisha picha lakini swali ikalimeza. Mtambo ukiuliza mara kadhaa bila jibu, unajua watu wamelala, unakata. Kwa hiyo mkiona picha inakuja vizuri halafu inaganda, na ukibadilisha chaneli inarudi, msilaumu waya, msipande nguzoni. Hakuna anayejibu.

Nasri akaanza kupekua simu yake. Akapata mahali mtu ameeleza, tukafuata, kumbe ruta aliyoieleza ni ndugu yake na hii, si hii yenyewe. Kitufe anachokitaja kwetu hakipo. Tukajaribu kingine, intaneti ikapotea. Tukairudisha. Adhana ya alasiri ikalia, mzee akainuka kwenda kusali, na alipopita nyuma yetu akasema kwa upole wenye sindano, "Nasri, ile ya zamani ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa inaonyesha."

"Baba, tazama kwenye simu yangu," Nasri akasema. "Hiyo mech... hiyo habari, watu wengine huirusha mtandaoni."

"Nimtazame mtu kwenye kioo cha ukubwa wa kipande cha sabuni? Mimi nina macho ya miaka themanini." Akaenda zake msikitini.

Nikamtazama Nasri. "Ruta ya kampuni iko wapi?"

Nasri akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirishani. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na chetezo cha udi, na chini ya chetezo, imelala kama kigae, palikuwa na ruta ya kampuni.

"Niliona bapa," Bi Rukia akasema. "Chetezo kinapasua rangi ya dirisha."

Nikakiondoa chetezo. Haikuungua, ilikuwa na duara la rangi ya kahawia tu mgongoni, na inanukia kama bibi harusi. Nikaiwasha. Taa zikaja, halafu zikabaki nyekundu zote.

"Nasri, uliifanya nini kabla ya kuitoa?"

"Niliiminya pale kwenye kitundu na sindano. Kuisafisha."

Kuisafisha! Ile sindano, wanangu, haisafishi ruta. Inaifuta kumbukumbu. Inakuwa kama mtoto mchanga, haijui njia ya kwanza wala ya pili. Na kumbukumbu zile inazo kampuni, si wewe. Nikampigia mwenzangu wa chumba cha mitambo Dar es Salaam, tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi. Akasema ataijaza akiwa kule kule, mradi nimsomee namba zilizobandikwa chini yake, na mradi iwe ndiyo pekee iliyochomekwa kwenye kisanduku. Maana yake, nichomoe ruta ya Nasri.

Nikageuka kumwambia. Alikuwa amesimama na kompyuta yake kwenye ngazi, anaangalia kile kiduara kinachozunguka. Video ya harusi ya watu wa Pangani ilikuwa inapanda, na familia ya bwana harusi iliahidiwa kuipata kabla ya magharibi, wanakusanyika kuitazama. Ikikatika inaanza upya.

"Imebaki kidogo, mama," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Akageuza kompyuta anionyeshe. Haikuwa kidogo. Na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Sikumshauri. Nyumba ni yao, kazi ni yake, na fundi akianza kuamua nani muhimu kuliko nani kwenye nyumba ya watu, arudi kwake. Nikasimama tu na namba zangu.

Nasri akafunga kompyuta. Akashuka, akapita mbele yangu, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe.

"Hawa nitawaomba radhi," akasema. "Hidaya ni mpwa wangu."

Nikafuta majivu ya udi chini ya ile ruta kwa ncha ya kitenge changu, nikamsomea mwenzangu namba. Tatu niliisoma kama nane, akanirudisha. Nane nikaisoma kama tatu, akanirudisha tena, akasema, "Mama Waya, vaa miwani." Nikavaa. Tukakaa tunaangalia taa kama watu wanaosubiri mkate uumuke. Bi Rukia alikuwa anasali kimya kimya, sijui kama kuna dua ya ruta lakini siku ile ilisomwa. Taa moja ikawa kijani. Ya pili ikapepesa, ikatulia. Mzee alirudi kutoka msikitini, akavua viatu, akatuona tumeinama watu wazima watatu juu ya kabati. Akakaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo magotini.

Taa ya tatu. Nikachomeka king'amuzi kwenye tundu la karatasi ya njano.

Picha ikaja. Nyasi, watu, mpira umeshaanza.

"Loo," Mzee Shomari akasema, "habari haijaanza. Iache hapo hapo tu, tungoje."

Nasri alijifanya anatafuta kitu chini ya kabati.

Mimi nilikuwa na kazi ya kumaliza. Ruta ya Nasri niliitaka juu, kule kule anakofanyia kazi, lakini safari hii nyuma ya ile ya kampuni. Na hili mlishike: ruta mbili ndani ya nyumba moja, zote zikitaka kuwa mkuu wa kaya, zitagombana mpaka asubuhi. Moja itawale, nyingine itii. Nikaingia kwenye mipangilio ya ile yenye antena, nikaizimia ugawaji wa anwani, yaani kuvipa vifaa vya nyumbani namba zao, nikaiachia kazi ya kurusha mawimbi tu. Televisheni haipiti kwake kabisa, kwa hiyo hata akiiminya na sindano, habari za babu yake Hidaya ziko salama. Waya wa kupandisha juu ulikuwa tatizo, maana ukuta ule ukiutoboa unaweza kuukuta mwaka ujao bado unatoboa. Lakini pembeni ya ngazi nikakuta tundu la waya wa simu ya zamani, limezibwa na rangi. Nikalizibua kwa bisibisi, nikaanza kusukuma waya, Nasri anauvuta kutoka juu.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha mchezo sikukitazama, nilikisikia. Nilimsikia mzee.

"Huyo golikipa anasimama mbele mno," akasema, kama anamzungumzia mtoto wa jirani. Kidogo akasema, "Mkono wa kushoto dhaifu. Hawamfundishi?" Baadaye Bi Rukia akapiga ukelele na mzee akasema, "Amedaka. Basi. Kudaka ndiyo kazi yake, mnapiga kelele za nini?" Lakini fimbo yake ilikuwa imeanguka chini, niliisikia ikigonga sakafu.

Nilipomaliza juu, Nasri akafungua kompyuta, video ikaanza kupanda upya, na chini televisheni haikutikisika. Tukashuka wote wawili. Nikakaa kwenye mkeka karibu na Bi Rukia. Kwenye kioo alisimama msichana mrefu, glavu za njano, nywele kazificha kwenye kitambaa cheusi, anapigia wenzake kelele na mkono umenyooshwa, na nikimtazama yeye na nikimtazama mzee, mkono ule ulikuwa ni mmoja.

Kipindi cha pili timu yake ilizidiwa. Mashambulizi yalimjia kama watu wanaorudi sokoni. Alipangua moja kwa vidole, akapangua nyingine kwa goti, akajitupa miguuni kwa mtu mpaka Bi Rukia akafunika uso kwa upande wa kanga. Halafu ukaja mpira wa kona. Mabeki wakaganda, mtu akaruka peke yake, akapiga kichwa, wavuni.

Hidaya alikaa chini golini, anatazama nyasi.

Mzee Shomari akasimama. Bila fimbo. Mtu ambaye tangu nimefika alikuwa anainuka kwa awamu tatu, alisimama kwa mara moja.

"Mabeki wamelala!" akapiga kelele. "Mnamwacha mtoto peke yake! Nani alikuwa anamkaba yule? Nani? Simameni na mtu wenu, enyi! Inuka, Hidaya! Inuka, si lako hilo! Inuka, mama!"

Akainuka. Labda angeinuka tu, sijui. Lakini sisi tulioiona ile sebule tunaamini alimsikia.

Walifungwa hilo moja. Filimbi ikalia, kamera ikawapita wachezaji wanapeana mikono, ikamwonyesha Hidaya kwa kitambo, anafuta uso kwa mkono wa jezi, ikahama. Mzee akakaa. Akatazama matangazo ya sabuni mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama sasa awekewe habari.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu yake ndogo ya vitufe. Hakutafuta jina. Alibonyeza namba moja moja kwa kidole gumba, taratibu, bila kusimama kukumbuka, akaiweka sikioni. Bi Rukia alinishika goti. Simu ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe.

"Amekasirika," mzee akasema.

"Anaoga, baba," Nasri akasema. "Mchezo umeisha sasa hivi tu."

"Amekasirika. Ana haki."

Akaiweka simu juu ya meza, kioo juu, akaikunjia mikono. Nasri akapanda juu kutazama video yake, akarudi hata hajafika. Bi Rukia akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu. Mimi ningeweza kuondoka. Kazi ilikuwa imekwisha, picha ilikuwa haigandi, taa zote kijani. Lakini niseme ukweli, wanangu, hata mngenifukuza nisingetoka.

Simu ikalia. Mzee aliirukia mpaka ikamponyoka, akaiokota, akabonyeza, na kwa kuwa masikio yake ni ya miaka themanini kama macho yake, sauti ya simu ile husikika mpaka barabarani.

"Babu?" Sauti ya msichana, ina pumzi fupi. "Babu, kuna nini? Bibi mzima? Nani anaumwa?"

"Bibi yako mzima," mzee akasema. "Amekaa hapa. Wote wazima." Akakohoa. Akatafuta fimbo, akaishika, akaiacha. "Hidaya. Lile goli halikuwa lako."

Nyuma ya Hidaya kulisikika wasichana wakiimba na milango ikigongwa. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua, "Babu, ulikuwa unatazama?"

Mzee Shomari akanitazama mimi.

"Nitazame nini? Kuna fundi alikuja kujaribu televisheni," akasema. "Nikaona kwa bahati." Akageuza uso ukutani, sauti ikashuka. "Umekula?"

Nikainama kufunga mfuko wangu wa vifaa, maana nilikuwa nimetajwa kama shahidi, na sikutaka anione uso.